Mchoro wa Hapo Juu Uko Wapi?

Wanangu mnaokaa chini ya mwarobaini wetu hapa Juba kila jioni, mkibishana juu ya mbao za sataranji mpaka mama wa chai anakusanya birika na vikombe vyake, leo nina neno nanyi. Si la kumwaibisha mtu. Mmoja wenu atajijua. Nimekwisha kusema naye faraghani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niliandike ili wenzake walisikie. Basi msimwonee.

Wiki mbili zilizopita kijana huyo aliniletea karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini, zimepigwa fotokopi vizuri, na jina lake kwa herufi kubwa juu. Alikuwa ameanza kuwauzia vijana wa Gudele na Munuki. Ndani mlikuwa na uchambuzi wa gambiti ya Lisitsin, mwanzo ambao wachezaji wengi wa hapa hawajawahi kuuona. Nilifurahi, nikavaa miwani. Kwenye ukurasa wa tatu nikakuta maneno haya: kama inavyoonekana kwenye mchoro wa hapo juu, mfalme hana pa kukimbilia. Nikatazama hapo juu. Hapakuwa na mchoro. Nikageuza ukurasa, nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Hakuna.

"Mwanangu," nikamuuliza, "mchoro wa hapo juu uko wapi?"

Akatazama viatu vyake.

Kabla sijaendelea, niieleze gambiti yenyewe, maana kumwonya mtu juu ya kitu asichokijua ni kumpigia kelele. Neno gambiti limetoka kwa Waitaliano, na asili yake ni ngwala: unamtegea mwenzio mguu, anaanguka. Padre wa Kihispania, Ruy López, ndiye aliyelitia kwenye kitabu cha sataranji mwaka 1561. Ninyi mliowahi kuwatazama Wamundari na Wadinka wa Bor wakishikana mieleka uwanjani hapa mjini hamhitaji kamusi. Mpiga ngwala hodari hukuachia kitu kwanza. Hukuachia bega, unalidaka kwa furaha, na wakati huo mguu wako umekwisha kuondoka chini. Kwenye sataranji unachoachiwa ni askari.

Sema kete nyeupe ni zako. Unatoa farasi kwenda f3. Mwenzako anasogeza askari mpaka f5, ulinzi unaoitwa wa Kiholanzi. Hapo hapo unasukuma askari wako e4, kinywani mwake. Anamla. Farasi wako anaruka g5. Mwenzako anatoa farasi f6 ili kumkinga yule askari wake aliyefika e4. Unasukuma tena, d3. Akila, nawe unakula kwa tembo, yule ambaye vitabu vya Kizungu humwita askofu na sisi hapa humwita fil. Sasa hesabu: umepungukiwa askari mmoja. Lakini tembo wako wa d3 anatazama ulalo mzima mpaka g6. Mwenzako akijisahau, akatoa farasi wake wa pili kwenda c6 kama mtu anayefungua duka asubuhi bila kuangalia nani amesimama nje, farasi wako anakula askari wa h7. Akikujibu kwa ngome au kwa farasi, ni yale yale. Tembo anaketi g6, na mfalme ambaye hajatoka hata nyumbani kwake anafia mlangoni. Hatua saba tu.

Georgy Lisitsin, aliyeupa mtego huu jina lake, alikuwa mchezaji wa Leningrad. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliucheza dhidi ya Mikhail Botvinnik, ambaye mwaka 1948 alikuwa bingwa wa dunia. Mnaona? Mpaka hapa nimekwisha kutaja majina matatu, na sijapungukiwa na kitu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitawaonya kwa kosa la mwingine. Nitawaonya kwa langu.

Miaka ya tisini nilikuwa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako wengi wetu tulifika kwa miguu. Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikiokota huko. Alikuwapo mzee mmoja wa kwetu, mwalimu, aliyekuwa amesoma Umoja wa Kisovieti enzi zile. Alitufundisha sataranji kwenye ubao uliochorwa juu ya katoni ya mafuta, vizibo vya soda vikiwa askari. Mali yake ilikuwa daftari moja lenye jalada gumu. Kila mstari wa uchambuzi ulikuwa na alama pembeni. Kama ameutoa kitabuni, aliandika jina la kitabu na ukurasa. Kama amesikia kwa mtu, aliandika jina la mtu na mji walikokutana. Kama ameufikiria mwenyewe, aliweka nukta moja tu. Nukta zilikuwa chache. Nilipokuwa kijana nilidhani uchache ule ni udhaifu.

Siku moja aliniazima daftari. Nikanakili kurasa mbili za gambiti ya Lisitsin, zile zilizonipendeza, zile ambazo mwenye nyeusi anakula kila anachopewa na kufa. Alama za pembeni sikuzinakili. Niliona zinachafua. Baadaye nilipofika Nairobi, jarida dogo la wachezaji lilihitaji makala. Nikawapa kurasa zile mbili kwa jina langu. Nilipewa sifa na soda baridi, na kwa mwezi mzima watu waliniita mwalimu.

Kisha yakaja mashindano. Mpinzani wangu alikuwa kijana mwembamba, mpole. Nikafungua kwa farasi f3, akajibu f5, moyo wangu ukaruka. Nikasukuma e4, akala. Farasi g5, naye farasi f6. Nikasukuma d3 na kuketi nimekunja mikono, nikingoja ale. Hakula. Alisukuma askari wake wa pili mpaka e5, akanywa maji. Nikala askari wa e4, tukawa sawa kwa hesabu, naye akatoa tembo c5, akilenga f2 karibu na mfalme wangu. Farasi wangu wa g5 alibaki peke yake huko mbele, kama mgeni aliyefika kwenye sherehe siku si yake. Nilitafuta kichwani nini kinafuata. Hapakuwa na kitu, kwa sababu kurasa nilizonakili ziliishia hapo. Nilifikiri nusu saa kwa hatua moja, nikakosea, nikapoteza.

Tulipokuwa tunapanga kete, aliniuliza kwa adabu, "Kaka, mwanzo huu umeutoa wapi?"

Nikasema, "Kichwani."

Akatabasamu. "Mimi nilifundishwa na mzee mmoja Kakuma. Kwenye daftari lake ukurasa unaofuata unaanza na e5. Ameandika kwamba huyu ndiye adui wa kweli, wale wanaokula ni wageni."

Wanangu, ardhi ya Nairobi ni ngumu, haipasuki ikammeza mtu. Nilitamani ipasuke. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku ile niliamini kwa mwili wangu.

Lakini aibu haikuwa somo kubwa. Somo kubwa ni lile la ukurasa unaofuata. Nilipozifuta alama za pembeni, nilidhani ninamfuta mwalimu peke yake. Kumbe nilikuwa ninaifuta njia ya kurudi kwake. Kama ningeandika chini ya makala kwamba haya nimeyatoa kwa mzee fulani wa Kakuma, msomaji mmoja angeniuliza, "Je, asipokula?" Nami ningelazimika kurudi kwenye daftari na kuona. Uchambuzi una ukoo. Sisi ni watu tunaomfundisha mtoto kutaja baba, babu, na baba wa babu, hatua kwa hatua, mpaka ulimi wake uzoee. Hatufanyi hivyo kwa majigambo. Tunafanya ili siku akipotea njiani, ajue aulize mlango gani. Karatasi isiyotaja ilikotoka ni mtoto aliyepotea asiyejua jina la baba yake. Hata kama ni mzuri wa sura, hakuna anayejua amrudishe wapi.

Najua mtaniambia nini. Nimewasikia mkiyasema chini ya mti, nami niliyasema kabla yenu.

Mtasema: Mzee, hapa Juba nani atajua? Nawajibu kwa kisa cha mkubwa kuliko sisi sote. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, Baghdad, aliishi Abu Bakr as-Suli. Alicheza sataranji mbele ya khalifa al-Muktafi na kumshinda bingwa wa ikulu. Aliandika vitabu vya mchezo huu, na fumbo moja aliloliacha lilikaa zaidi ya miaka elfu mpaka Yuri Averbakh wa Urusi akalifumbua katika karne ya 20. Sasa, mtu huyu mwenye akili kiasi hicho aliandika pia juu ya mashairi na washairi. Akaja Ibn al-Nadim, mwuza vitabu wa Baghdad, aliyetunga orodha kubwa ya vitabu vya Kiarabu mwaka 987. Humo akaandika kwamba as-Suli alinakili kazi ya al-Marthadi neno kwa neno, na kwamba yeye Ibn al-Nadim ameiona nakala ya al-Marthadi iliyotoka kwenye maktaba ya as-Suli mwenyewe. Fikirini. Kitabu alichokiibia kilikuwa rafuni kwake, na ndicho kilichomfichua. Makhalifa wamepita, Baghdad imechomwa na kujengwa, na doa lile limesimama mahali pake mpaka leo ninapowasimulia Juba. As-Suli naye angeweza kusema: hapa nani atajua?

Mtasema: Mzee, hatua za sataranji si mali ya mtu. Hapo mna haki, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Novemba 2016, Magnus Carlsen na Sergey Karjakin walipogombea ubingwa wa dunia New York, waandaaji walikwenda mahakamani kutaka wengine wazuiwe kutangaza hatua papo hapo. Jaji alikataa. Hatua ikishachezwa ni habari, kama mvua iliyonyesha. Mtu yeyote anaweza kusema farasi amekwenda g5. Lakini kusema kwa nini amekwenda g5, nini kitatokea mwenzako asipokula, wapi wa kale walikosea na wapi wewe umeona njia, hilo ni jasho. Na gambiti hii hii ya Lisitsin ina ushahidi. Mchezaji wa Marekani John Donaldson aliichambua katika jarida la Inside Chess. Mwaka 1992 kikatoka kitabu kikubwa cha gambiti, na mwaka uliofuata jarida lile lililalamika hadharani kwamba kurasa za gambiti ya Lisitsin kitabuni zilichukuliwa kwa Donaldson karibu neno kwa neno. Jina la mwandishi wa kitabu silitaji. Aliyefanya kazi ndiye ninayetaka mlikariri jina lake.

Mtasema: Mzee, sisi hatunakili mtu, tunauliza mashine. Vizuri. Na mashine imezaliwa na nani? Programu ya Stockfish mnayoitia kwenye simu zenu ni kazi ya watu wengi waliojitolea, na wameitoa bure kwa sharti. Ukiitumia kutengeneza programu yako na kuwapa wengine, sema umeitumia, na uwape wengine uhuru ule ule uliopewa. Mwaka 2021 watengenezaji wake waliishtaki kampuni ya ChessBase ya Ujerumani kwa kuuza programu zilizojengwa juu ya Stockfish bila kuheshimu sharti hilo. Mwaka 2022 wakapatana, na kampuni ikaacha kuziuza. Basi ikiwa kampuni kubwa ya Ulaya ilibidi iseme ilikotoa, sembuse wewe na karatasi kumi na mbili? Andika tu: hatua hii nimeonyeshwa na mashine. Msomaji atajua kwamba mashine imeihesabu lakini wewe bado hujaielewa. Hiyo nayo ni habari yenye thamani.

La mwisho hamlisemi kwa sauti, lakini ndilo lililo moyoni: nikiwataja wote hao, mimi nabaki na nini? Hili nalijua kwa sababu ndilo lililonifanya nizifute alama za pembeni. Sikilizeni habari ya gambiti nyingine. Mwaka 1946 mtu aitwaye Argunov, wa mji wa Kuibyshev kando ya mto Volga, aliandika juu yake katika jarida la sataranji la Kisovieti, na huko ikaitwa gambiti ya Volga. Miaka mingi baadaye Pal Benko, mzaliwa wa familia ya Kihungari aliyehamia Marekani, akaicheza dhidi ya wakubwa, akaichimba zaidi ya wote, na mwaka 1974 akaitolea kitabu. Magharibi wanaiita gambiti ya Benko. Mashariki ya Ulaya wengi wanaiita Volga mpaka leo. Je, Benko amepungukiwa kwa sababu mto unatajwa? Jasho lake liko palepale. Aliyetajwa kabla yako hakupunguzii. Anaonyesha ulipoanzia, na msomaji anaweza kupima umbali uliotembea. Asiyeonyesha alipoanzia, nani atamhesabia hatua zake?

Kuna sababu nyingine, na hii ni yetu sisi, si ya Baghdad wala ya New York. Nchi hii ilizaliwa Julai 2011. Timu yetu imekwisha kuketi kwenye Olimpiadi ya sataranji pamoja na mataifa ya dunia, lakini maktaba ya mchezo huu hapa kwetu bado ni mifuko ya nailoni chini ya vitanda. Mnachoandika ninyi leo kwenye fotokopi ndicho mtoto wa kesho atakachokiita kitabu cha kale. Mkikiacha bila majina, atadhani maarifa yalianguka kutoka mawinguni juu ya Gudele mwaka huu.

Na wako watu wetu wengi waliofundisha chini ya miti na ndani ya mahema, kisha wakafa njiani, au kambini, au vitani, bila kaburi lenye maandishi. Mwalimu wangu wa Kakuma ni mmoja wao. Hakuacha kitabu, wala picha. Mahali pekee ambapo jina lake lingeweza kuandikwa mbele ya wageni palikuwa chini ya makala ile ya Nairobi, na mimi nikaweka langu. Sijamkosea yeye peke yake. Nimewakosea na ninyi, kwa sababu mngeweza kumjua.

Kwa hiyo, mwanangu mwenye karatasi kumi na mbili, usizichome. Nilikuona uso wako na nikajua unataka kuzichoma. Kuzichoma ni kunakili mara ya pili, ni kuficha tena. Fanya hivi. Chukua kalamu, ufuate njia ya daftari la mwalimu. Kila mstari uliotoka kitabuni, andika kitabu na ukurasa. Kila mstari uliousikia, andika jina la mtu na mahali. Uliopewa na mashine, sema mashine. Ulioufikiria wewe, weka nukta. Kama hukumbuki ulikotoa, andika hivyo hivyo kwamba hukumbuki, maana kusahau si wizi, kuficha ndiko wizi. Kisha waendee wale uliokwisha kuwauzia, uwape nakala mpya bila kuwatoza. Itakugharimu pesa ya fotokopi. Mchezaji wa gambiti hulia kwa askari mmoja?

Na mchoro wa hapo juu, uchore kwa mkono wako. Weka mfalme e8, tembo mweupe g6, askari weusi d7 na e7 ambao hawajasogea, na kila kete nyingine mahali pake, kisha utafute mwenyewe kwa nini hana pa kukimbilia. Ukimaliza hapo utakuwa umeongeza nukta yako ya kwanza.

Nukta zako zitakuwa chache. Za mwalimu wangu zilikuwa tisa katika daftari zima. Nilizihesabu nilipokwenda kumwomba radhi, na hakusema neno. Alinisogezea katoni, akapanga vizibo, akaniambia nianze kwa farasi f3.

Jina lake silitangazi hapa, kwa kuwa sijawaomba ruhusa watoto wake. Lakini njooni kesho jioni chini ya mti. Nitawatajia kwa mdomo, na kila mmoja aje na kalamu.